Ndala inanivuka, mguu haunyanyuki

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi marumaru, nina miaka 31, nipo Morogoro. Wiki tatu zilizopita nilipewa mabafu mawili niyamalize kwa siku mbili, nikachuchumaa asubuhi hadi usiku. Kulipokucha, mguu wa kulia hauna nguvu ya kunyanyua vidole. Nikitembea unapiga chini pa! na ndala inanivuka bila kujua. Mgongo hauumi. Mama ananikanda kwa maji ya moto, jirani anasema ni kiharusi, mjomba anasema nimekanyaga kitu kilichotegwa. Je, nitarudi kazini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mimi si daktari, ni mtu wa mazoezi ya viungo. Miaka 26 nashika miguu ya watu. Mjomba mwambie mtego upo kweli, ila uko gotini.

Kaa kitini, kunja goti. Pitisha kidole upande wa nje wa goti, shuka kidogo, utakuta nundu ngumu kama gololi. Hicho ni kichwa cha fibula, ule mfupa mwembamba wa mguu. Chini yake tu, shingoni, papasa taratibu mbele na nyuma. Kuna kitu kama kamba nyembamba kinateleza chini ya kidole, na pengine shoti itakukimbilia hadi juu ya wayo. Usikibonyeze sana. Ni mshipa wa fahamu, neva ya peronea.

Ni tawi la siatiki, mshipa wa fahamu mnene kuliko yote mwilini, unaoshuka nyuma ya paja na kugawanyika juu kidogo ya goti. Tawi moja limejificha ndani ya nyama za shavu la mguu. Hili lako linazunguka shingo ya fibula likiwa limelala juu ya mfupa, limefunikwa na ngozi na mafuta kiasi tu. Ukichuchumaa kutwa, linabanwa.

Hapo linagawanyika tena. Tawi la ndani ndilo linalonyanyua wayo na kidole gumba, ila kwenye ngozi limegawiwa kipande kidogo mno: kati ya kidole gumba na cha pili, palepale unapopita mkanda wa ndala. Ndiyo maana inavuka na huna habari. La juu linageuza wayo kwa nje na kuhisi sehemu kubwa ya juu ya wayo.

Sasa geuza wayo kwa ndani, kama unataka kuutazama unyayo. Ukigeuka kwa nguvu, mashaka yangu yapo gotini. Ukilegea, huenda tatizo limeanzia mgongoni. Vyovyote vile nenda hospitali wiki hii, upimwe na sukari. Kama una baka la ngozi lisilohisi, lionyeshe: ukoma hupenda kuvimbisha neva hii hii, na dawa zake ni bure. Kiharusi kingekuja mara nyingi na mkono au uso. Hizo dalili zikitokea, usingoje hata saa moja.

Mama asimamishe maji ya moto. Ngozi isiyohisi huungua kimyakimya. Vaa viatu vya kamba, usikunje nne, na omba kifaa cha kushikilia kifundo ili wayo usining'inie. Asubuhi na jioni nyoosha mguu, pitisha kanga chini ya vidole, uvute wayo kwako, usije ukakaza.

Nikiwa kidato cha pili nilivunjika mguu, nikafungwa hogo lililonibana hapohapo chini ya goti. Nililalamika ganzi, nikaambiwa nivumilie. Siku ya kulikata, wayo ukaning'inia kama wako. Ulirudi baada ya wiki kumi.

Neva iliyobanwa tu hurudi ndani ya wiki kadhaa hadi miezi mitatu. Nyuzi zake zikiwa zimekufa, huota upya kama milimita 1 kwa siku, na kutoka gotini hadi vidoleni ni safari ya zaidi ya mwaka. Miezi mitatu ikipita bila dalili ya nguvu kurudi, omba kipimo cha umeme wa neva.

Kazini utarudi, nadhani, lakini kwa kupiga magoti juu ya sponji na kusimama kila baada ya safu mbili za marumaru. Tajiri anayetaka mabafu mawili kwa siku mbili, mwambie alete fundi wa pili.