Jina la kolamu nimeliandika mwenyewe, mbona inatafuta lingine?

SWALI: Kaka habari za kazi. Nimekabidhiwa mfumo wa duka la jumla, databesi ni MySQL ya zamani na kolamu zake ziko hivi, JinaMteja, SimuMteja. Natumia Spring Boot, fremuweki ya Java, kwenye klasi nina propati jina na juu yake nimeweka @Column(name = "JinaMteja"), lakini nikivuta wateja inagoma, eti haiijui kolamu jina_mteja. Hilo jina sijaliandika popote, limetoka wapi? Halafu hali ya oda ni enum, yaani orodha ya majina niliyoyapanga kwenye kodi, naona inaingia kama 0, 1, 2, ni sawa? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Anotesheni yako, hiyo @Column, iko sawa, usiifute. Hibernate, ile maktaba ambayo Spring Boot inaitumia kuunganisha klasi na jedwali za databesi, inaisoma, inapata JinaMteja, ila kabla ya kuandika SQL, lugha ya kuzungumza na databesi, inalipitisha jina kwenye kanuni ya majina, na kanuni inayokuja na Spring Boot inashusha herufi kubwa zote na kuchomeka kistari cha chini kati ya maneno, hata kama jina umelitaja mwenyewe.

Dawa ya haraka ni kuandika name = "jinamteja", herufi ndogo tupu. Kanuni haitakuta pa kukata, na MySQL kwenye majina ya kolamu haijali kubwa wala ndogo. Ila databesi nyingine kama PostgreSQL yenye kolamu iliyoundwa ndani ya alama za nukuu itakataa.

Dawa ninayoipenda mimi kwa databesi ya kurithi ni hii, kwenye application.properties:

spring.jpa.hibernate.naming.physical-strategy=org.hibernate.boot.model.naming.PhysicalNamingStrategyStandardImpl

Majina yataenda kama ulivyoyaandika. Ila inagusa mradi mzima, kwa hiyo klasi zilizokuwa zinategemea tareheKuzaliwa igeuke tarehe_kuzaliwa yenyewe zitaanza kugoma, itabidi uzitajie kolamu zake moja moja.

Na tafadhali sana, kuna watu watakwambia weka spring.jpa.hibernate.ddl-auto=update, mpangilio unaoiruhusu Hibernate ibadilishe jedwali yenyewe, kosa litaisha. Litaisha kweli, maana Hibernate itaongeza kolamu mpya jina_mteja pembeni ya ile ya zamani, tupu kabisa, mfumo utawaka vizuri na wateja wote watatokea hawana majina, halafu wapya wanaanza kuandikwa huku na wa zamani wako kule, kuja kuwaunganisha ni kazi ya kulia. Badala ya update weka validate, inayokagua tu bila kubadilisha, kolamu ikikosekana mfumo unagoma pale pale unapowaka, sio mteja yuko kaunta.

Hiyo enum, hapana, sio sawa. Usipoiambia kitu inahifadhi namba ya nafasi, sasa leo IMELIPWA ni 1, kesho mwenzio anachomeka IMESITISHWA kabla yake, oda zote zilizolipwa zinasomeka zimesitishwa na hakuna kosa lolote litakalotokea kwenye skrini. Weka @Enumerated(EnumType.STRING), ila kwanza badilisha kolamu iwe ya maandishi na zile 0, 1, 2 zilizomo uzigeuze kuwa majina, na chukua bakapu kabla hujagusa.