Wasomaji wanauliza: Nataka kuchangia utafiti wa misitu chuoni, naanzia wapi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni Mbongo naishi Syracuse, New York, karibu na chuo cha mazingira na misitu cha huku, SUNY ESF. Mwenzangu kazini kasoma hapo na kila mwaka anachangia utafiti wao wa miti, hela ndogo tu ila haachi. Nikajiuliza, kwetu Morogoro si kuna SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, mbona sijawahi kutoa hata mia? Ila naogopa, hela ya utafiti unatoa halafu matokeo huyaoni. — Mbongo wa Syracuse

JIBU: Ndugu yangu, mfano unao hapohapo mlangoni. Chuo hicho kipo tangu 1911 na mti uliokipa jina sana ni chestnut ya Marekani. Mwaka 1904 kwenye bustani ya wanyama ya Bronx waligundua kuna kuvu imetoka Asia inakausha hiyo miti, na ndani ya miaka kama 50 ikawa imeua bilioni tatu hadi nne, misitu ya mashariki ya Marekani ikabadilika sura kabisa. Pale ESF akina William Powell na Charles Maynard wakang'ang'ana na huo mti miaka zaidi ya 30, wakautia jeni ya ngano inayovunja asidi ambayo kuvu inatumia kuua gome, na sehemu ya hela ilitoka kwa wananchi wa kawaida wanaoupenda mti. Basi mwaka 2023 ikaja kujulikana kwamba aina waliyokuwa wanaipima wakiiita Darling 58 kumbe ni nyingine, Darling 54, zilichanganywa kimakosa huko nyuma, na chama kikubwa cha chestnut kikaacha kuiunga mkono. Chuo kikasema chenyewe kinaendelea.

Sasa waliochangia waliliwa? Mimi naona hapana. Walilipia watu wapime, na kupima ndiko kulikoonyesha kosa, ila kama wewe unataka hela yako ilete jengo la kupiga nalo picha basi utafiti haukufai, changia bweni.

Na usidhani nyumbani jambo hili ni geni. Msitu wa Mazumbai kule Usambara Magharibi, hekta kama 320, ulikuwa mali ya familia ya Kiswisi iliyokuwa inalima chai, wakautoa kwa chuo kikuu mwishoni mwa miaka ya 1960 na leo uko chini ya SUA, wanafunzi na watafiti wanaingia humo kila mara kwa sababu ni msitu wa milimani ambao haukuguswa sana. Wewe hutaombwa msitu usiogope. Andikia idara moja kwa moja uliza wana pengo gani, na hela usimtumie mtu kwenye simu yake hata akijiita profesa, chuo cha serikali kitakupa kontroo namba.

SWALI: Tuko grupu la wasap la tuliosoma misitu, tumechanga hela sio mbaya. Wengine wanataka tupande miti chuoni tuweke na bango lenye majina yetu, wengine wanasema tununue projekta. Tuamulie. — Mhitimu, Dodoma

JIBU: Bango hapana, na miti pale chuoni mbona ipo ya kutosha jamani.

Nyie mmesoma, mnajua kiwanja cha kudumu cha kupimia miti ni nini, ila niwaelezee na wengine. Unachukua kipande cha msitu, kila mti unaupa namba, unapima unene wake kwenye kimo cha kifua yaani mita 1.3 kutoka chini, halafu unarudi baada ya miaka kadhaa unaupima uleule, na hapo ndo unajua msitu unakua kwa kasi gani na nini kinakufa na nini kinaibiwa. Kitulangalo, ule msitu wa miombo wa mafunzo wa SUA njiani ukitoka Morogoro kwenda Dar, ambako magunia ya mkaa yanapangwa barabarani mnayaona, ndio sehemu ya kazi kama hiyo. Shida ni kwamba wafadhili wanapenda kuanzisha, kurudi kupima mara ya tatu hakuna anayetaka kulipia maana hakuna cha kuzindua. Rangi ya kuchora upya alama, vibati vya namba (vinang'olewa sana hivi), mafuta ya gari, posho ya fundi anayeujua mti kwa gome tu, hivyo ndivyo vinakosa hela. Mkitenga hiyo hela kidogokidogo kwa miaka kumi mtakuwa mmefanya kitu ambacho projekta haifanyi, na nchi inavihitaji hivyo vipimo, ile tathmini ya misitu ya taifa ya NAFORMA iliyotoa hesabu ya hekta milioni 48.1 za misitu ilitegemea watu kwenda porini na futi, sio setilaiti peke yake.

SWALI: Mhariri, watafiti wa chuo (sikitaji) walikuja kijijini kwetu, wakapima miti ya msitu wetu, wakatuuliza maswali nyumba kwa nyumba, wakaondoka. Hatujasikia lolote. Wakija tena tuwakatalie? — Mzee wa kijiji, Kilosa

JIBU: Shikamoo mzee. Msiwakatalie, ila msiwapokee bure. Wakifika waombeni barua ya utambulisho kutoka halmashauri, na kama ni wageni wa nje ya nchi kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na wakae na serikali ya kijiji waseme wanatafuta nini na mrejesho watauleta lini, iandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Vijana wenu wawe wasaidizi wa kulipwa, kwa sababu bila mtu anayeijua miti kwa Kikaguru au Kisagara huyo mwanafunzi atapotea siku nzima.

Na mzee, hivyo vipimo vina hela ndani yake. Watu wa SUA waliwahi kukata miti ya miombo, kuchimbua na mizizi, kupima uzito wote, ili ipatikane hesabu ya kukadiria uzito wa mti uliosimama bila kuukata, na hesabu za namna hiyo ndizo zinatumika kwenye biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa kutunza miti inayohifadhi hewa ya ukaa, ambayo vijiji vingine vyenye misitu vishaanza kulipwa. Kwa hiyo mkija kuletewa mkataba wa kaboni na takwimu za msitu wenu ziko kwenye kabati la mtu Morogoro, mtabishana na kampuni kwa kutumia nini? Kaandikeni barua chuoni leo kudai nakala ya ripoti, tajeni mwaka waliokuja na jina la msitu.

SWALI: Binti yangu yuko mwaka wa mwisho anasomea misitu, anataka laki tatu za kwenda porini kukusanya data. Mjomba wake anasema anadanganya. — Mama, Tanga

JIBU: Mama, hiyo si nyingi kwa nauli, malazi na msaidizi. Mwombe akuonyeshe barua ya msimamizi wake na jina la msitu anaokwenda, halafu mjomba naye achangie mafuta.