Saa za ziada au mbao zaidi?

Kaka wa Mafinga, umeuliza uwalipe mafundi 3,000 kwa saa ya ziada au uongeze mbao. Kwa hesabu ulizotoa (mlango unakula mbao 6 na saa 4, kitanda mbao 4 na saa 6, kwa wiki una mbao 120 na saa 120, faida ukishatoa mbao ni 40,000 na 35,000), mpango bora ni milango 12 na vitanda 12. Laki tisa.

Utamu uko kwenye bei kivuli, yaani faida inayoongezeka ukipata ubao mmoja au saa moja zaidi. Ubao mmoja zaidi unakuongezea 5,000, saa moja 2,500 tu. Saa ya 3,000 inakukata 500, kwa hiyo jioni waache mafundi waende nyumbani. Mbao ongeza, hata wakikuongezea 4,000 juu ya bei ya kawaida kwa kila ubao kwa kisingizio cha matope (mvua za Mufindi unazijua), bado unapata. Ila ukifika 180 simama. Hapo vitanda vimekwisha, unatoa milango 30 mitupu, na ubao wa 181 utabaki uani ukipinda. Na milango 30 kwa wiki utamuuzia nani? Weka kwenye hesabu kikomo cha soko (milango mingapi inauzika kwa wiki), kisha piga upya.

Faida ya mlango ikicheza kati ya 24,000 na 52,000, mpango wa 12 kwa 12 usiuguse.