Swali la lugha: Yai la Pikachu limeanguka au limeanguliwa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi na wenzangu hapa Arua tunacheza Pokémon, ule mchezo wa video wa kufuga viumbe wa kubuni kama Pikachu. Juzi nilimwandikia rafiki yangu: "Nimebridi Pikachu yangu na Ditto, yai imeanguka, ametoka Pichu." Kaka yangu aliyesoma Dar es Salaam alicheka sana, akasema yai likianguka linavunjika. Yeye anataka niseme "nimempandisha Pikachu". Rafiki yangu anasema "nimemzalisha". Neno sahihi ni lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Katiba yetu ya Uganda inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005, na nafurahi kila ninaposikia habari za Kiswahili mashuleni. Lakini furaha niliyoipata kusikia kuwa vijana wa Arua wanabishana juu ya kitenzi kwa ajili ya mchezo wanaoupenda ni kubwa zaidi. Nitakujibu kwa kirefu.

Tuanze na yai, maana hapo kaka yako yuko sahihi. Kitenzi ni kuangua, nacho kina kazi nyingi. Tunaangua embe mtini, tunaangua nazi, mtu anaangua kicheko, na kuku anaangua vifaranga. Ukiangua embe, embe linaanguka. Wewe umechukua kanuni hiyo ya mwembeni ukaipeleka kwenye kiota, na ndiyo sababu kosa lako linaeleweka kabisa. Ila kwa yai, Kiswahili kimeamua vingine: yai linaanguliwa, na kifaranga naye anaanguliwa. Limeanguka maana yake limetoka juu likafika chini, na hapo ni kutafuta kitambaa cha kupangusia.

Kuna na kitenzi cha pili, kutotoa, ambacho wafugaji wanakitumia kila siku. Kuku ametotoa, vifaranga wametotolewa, na mwenye mtaji hununua mashine ya kutotolesha. Nakipenda kitenzi hiki kwa sababu hakichanganyi mtu na maembe.

Mpwa wangu alinionyesha yai lake kwenye mchezo. Alikuwa akimtembeza mchezaji wake barabarani, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, hadi maneno yakatokea kwenye kioo. Yai likatikisika, likatulia, likatikisika tena, ufa ukapita juu ya ganda, kukawa na mwanga, mtoto akatoka. Nilimkumbuka kuku wa shangazi yangu aliyeatamia ndani ya kapu nyuma ya jiko. Siku ya 21 unaona kwenye ganda tundu dogo kama punje ya mtama, na ukilisogeza yai sikioni unasikia mdomo ukigonga kwa ndani. Kwa hatua hiyo sema "yai linapasuka" au "limepata ufa", hakuna atakayekucheka.

Sasa hilo la kubridi, yaani "breed" ya Kiingereza. Ugumu wako unatokana na kudhani kuwa Kiswahili kina neno moja la kazi hiyo yote, na kumbe wafugaji wetu wameigawa vipande vipande. Nenda Mbarara ukawasikilize wenye ng'ombe wa Ankole, wale wa pembe ndefu, wanapoeleza kwa Kiswahili habari za kuwachanganya na Friesian. Fahali anampanda mtamba. Mwenye mifugo ndiye anayempandisha. Ng'ombe akishika mimba na kuzaa, anayemsaidia kujifungua anamzalisha. Ndama akiwa wa damu mbili ni chotara. Kila tukio na kitenzi chake.

Kupandisha alikokupa kaka yako ni Kiswahili safi cha zizini. Kwenye mchezo wenu kuna matatizo mawili. La kwanza, nimesikia vijana wakisema "nimempandisha Charizard hadi levo ya 50", wakimaanisha wamemkuza kiwango. Ukisema "nimempandisha Pikachu", msikilizaji atauliza levo ya ngapi. La pili ni zito zaidi: mchezo wenyewe hauonyeshi upandaji wowote. Tangu uzalishaji uingizwe katika matoleo ya Pokémon Gold na Silver mwaka 1999, unawaacha viumbe wawili kwenye nyumba ya kulelea, unaenda zako, na ukirudi mzee wa pale anakwambia wamekutwa na yai na hajui limetoka wapi. Watunzi waliamua kunyamaza hapo. Kiswahili kinao uwezo wa kunyamaza vilevile bila kudanganya: tunasema yai limepatikana. Hata kutaga singekutumia haraka, kwa sababu kutaga kunataka mtagaji, na hapa hakuna aliyemwona.

Kuzalisha je? Hapa naomba utulie nami kidogo, maana kila kitu kinategemea silabi moja. Linganisha hizi:

Nimezalisha Pichu watatu.

Nimemzalisha Pikachu.

Sentensi ya kwanza ni nzuri. Umesababisha Pichu watatu wapatikane, kama vile bwawa la Jinja linavyozalisha umeme na mkulima anavyozalisha mahindi. Ya pili ina -m-, na hiyo -m- inamfanya Pikachu awe ndiye aliyezaa mikononi mwako. Umekuwa mkunga. Mbaya zaidi, mtaani "amemzalisha binti wa watu" ni lawama kwa mwanamume aliyempa msichana mtoto. Kwa hiyo neno la rafiki yako ni jema, kiambishi chake ndicho kibaya. Zalisha watoto, usimzalishe mzazi.

Kuhusu wale wazazi wawili, mimi ningesema umewakutanisha au umewaoanisha. Kuzaana na kuzaliana tuyaache kwa habari za wingi: sungura huzaana upesi, mbu huzaliana kwenye maji yaliyotuama.

Umeniambia Pikachu na Ditto wakatoa Pichu. Hilo linanipeleka kwenye kurithi, ambako naona makosa mengi. Kwenye mchezo huu mtoto kwa kawaida hufuata aina ya mama, naye huanza katika umbo la chini kabisa la ukoo wake. Ndiyo maana Pikachu alitoa Pichu. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, na hapa wangeongeza kuwa nyoka mwenyewe ni mama. Ditto, anayeweza kujigeuza kuwa yeyote, huoanishwa na karibu kila kiumbe, na akiwepo yeye mtoto humfuata yule mwenzake hata kama ni dume. Si michezo yote iko hivi. Katika Dragon Quest Monsters ya mwaka 1998 wazazi huondoka moja kwa moja baada ya kuacha yai, na mtoto anaweza kuwa wa aina isiyofanana na yeyote kati yao. Pale neno kuchanganya linafaa kuliko kuoanisha.

Kuna na zile namba zilizofichwa, kuanzia 0 hadi 31, moja kwa kila uwezo kati ya sita: uhai, kushambulia, kasi na kadhalika. Wazazi wawili kwa pamoja wana jumla ya namba 12. Kwa kawaida mtoto hurithi tatu, na tangu mwaka 2013, mzazi akiwa ameshika kifaa kiitwacho Destiny Knot, hurithi tano. Sema "Pichu amerithi kasi ya mama yake". Usiseme "amemrithi mama yake", kwani kumrithi mtu ni kuchukua nafasi yake au mali yake akishaondoka, na Pikachu wako yuko hai. Kwa kinyume chake, mama amemrithisha Pichu kasi. Namba zenyewe nashauri muziite vipawa vya kuzaliwa, mzitofautishe na nguvu anazozipata kwa mazoezi.

Nimeona pia watu wakiandika "kundi la mayai" kwa zile jamii zinazoamua nani anaweza kuoanishwa na nani. Mtu wa Soko la Owino, Kampala, akisikia kundi la mayai atauliza trei ni shilingi ngapi. Ningeita kundi la uzazi. Skitty, mfano wa paka mwenye urefu wa sentimita 60, na Wailord, nyangumi wa mita 14.5, wako kundi moja la uzazi, na ndiyo maana wanapata mayai. Jambo hilo lilimshangaza mpwa wangu kuliko kitu kingine chochote.

Kuatamia nako kuna mahali pake. Kwa kawaida hakuna anayelikalia yai, unalibeba tu na kutembea. La Pichu katika matoleo ya zamani lilihitaji zaidi ya hatua 2,500. Lakini ukiwa na kiumbe wa moto kama Magmar mwenye uwezo wa Flame Body, hatua hupungua nusu kwa sababu ya joto la mwili wake. Huyo unaweza kusema anaatamia yai lako, na utakuwa umesema kweli tupu.

Kitu kimoja kilinigusa mimi kama mtu wa lugha. Wazazi wakitoka kwenye michezo ya lugha mbili tofauti, tuseme mmoja wa Kijapani na mwingine wa Kifaransa, nafasi ya kupata mtoto mwenye rangi adimu huongezeka: badala ya 1 kati ya 4,096, huwa 1 kati ya 683 katika matoleo ya tangu 2013. Kiswahili hakimo katika lugha za mchezo huo. Natamani sana kingekuwemo.

Limebaki dogo, la upatanisho. Pikachu ni kiumbe hai, kwa hiyo ni Pikachu wangu, Pikachu wawili, Ditto yule, kama tunavyosema kuku wangu. Yai liko kwenye li-ya: yai limepatikana, mayai yameanguliwa. Ujumbe wako kwa rafiki ungesomeka hivi:

"Nimemkutanisha Pikachu wangu na Ditto, yai likapatikana, limeanguliwa leo asubuhi, ametoka Pichu."

Mwonyeshe kaka yako.