Nikinyoa ndevu shingo inawaka moto afu vipele vinatoka, nakosea wapi?

SWALI: Habari kaka. Nina miaka 26, kazini kwetu wanataka kidevu kiwe safi muda wote na ndevu zangu ni zile za kujikunja. Nanyoa kila asubuhi na wembe wenye makali matano, naanza kushuka chini afu napandisha juu mpaka nikipapasa nasikia laini kabisa, ngozi naivuta na mkono mwingine usibaki hata unywele mmoja. Nikimaliza napaka spiriti. Sasa shingo inawaka balaa, na baada ya siku mbili hivi vinatoka vipele chini ya taya, vingine vinaacha alama nyeusi. Nimeshabadilisha aftashevu nne. Nitumie ipi? Na kuna mtu kaniambia nihamie kwenye mashine, mwenzangu ninayekaa naye anayo, naweza kuwa naazima?

JIBU: Mdogo wangu, kabla hujaenda kununua aftashevu ya tano, shida yako haiko kwenye chupa. Iko pale uliposema "mpaka nikipapasa nasikia laini kabisa". Mi nimekaa nyuma ya kiti cha kinyozi miaka 17, na nyuso ninazoletewa zimeharibika, nyingi ni za watu wasafi kupita kiasi, wale wanaotaka kidevu kiwe kama yai. Ndevu za kujikunja hazitaki uyai, ukizikata chini sana zinakurudi.

Tuanze kwa kutenganisha vitu viwili maana umevichanganya, na kila kimoja kina dawa yake. Ule moto unaousikia dakika chache baada ya kunyoa, ngozi inakuwa nyekundu au inaiva rangi, inawasha na ukipaka kitu inachoma, huo ni mchubuko tu. Wembe haukati nywele peke yake, unakwangua na lile tabaka la juu la ngozi, na we unalikwangua mara mbili mbili kila siku ya Mungu, afu juu yake unamwaga spiriti inayokausha hata kile kidogo kilichobaki. Mchubuko wa hivo ukiuacha utulie unaisha wenyewe ndani ya saa chache, ukizidi sana siku mbili tatu. Sema we huuachi, kesho asubuhi unarudi palepale.

Vipele vya siku ya pili ni habari nyingine kabisa. Hivyo ni nywele. Unywele wa kujikunja haukunjiki ukishatoka nje tu, hata tundu linalouotesha kule chini ya ngozi limepinda. Sasa wembe unaukata mshazari, unauachia ncha kali kama ya sindano ya hospitali, unywele unaanza kukua na kwa kuwa asili yake ni kupinda, unatoka nje kidogo, unajikunja na kuchoma ngozi pembeni unaingia tena ndani. Mwili unauona kama mwiba na unaanza kupigana nao, ndo hicho kipele. Na kuna njia ya pili mbaya zaidi, na hapa ndo wembe wako wa makali matano unapohusika: kali la kwanza linaushika unywele na kuuvuta, linalofuata linaukata ukiwa umevutwa, afu kipande kilichobaki kinarudi ndani chini ya usawa wa ngozi. Tangu wembe wa makali mawili ulivyoingia sokoni mwaka 1971 hiyo imekuwa ndo sifa yake, na kwa mwenye nywele zilizonyooka ni raha tupu. Kwako wewe hicho kipande kilichozama kikianza kukua hakijui hata mlango uko wapi, kinatoboa ukuta wa tundu lake kikiwa humohumo ndani. Ongeza na kuvuta ngozi, ongeza na kunyoa kinyume, vyote hivyo vinafanya kitu kilekile, kuuzamisha unywele. Yaani kwa vipele umefuata maelekezo yote bila kuruka hata moja.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa, weka wembe chini. Sio milele, wiki tatu nne, mpaka vile vipele vishuke. Ndevu zinakua kama sentimita moja kwa mwezi, na unywele uliojizika ukifika urefu wa karibu hivo, mwingi unajichomoa wenyewe kama springi. Najua utasema kazini hawakubali. Basi tumia mashine na usiipige ziro, iache milimita moja, au nusu milimita kama bosi ni mkali kweli. Kwa mtu aliyesimama mbele yako inaonekana umenyoa, wewe ndo utasikia vikwaruza ukipapasa, na hakuna atakayekuja kukupapasa kazini. Wakikataa hata hiyo nenda kwa daktari wa ngozi akuandikie barua, hili ni tatizo la kiafya linalojulikana, jeshi la Marekani kwa miaka mingi tu, kabla masharti hayajakazwa mwaka 2025, madaktari wake walikuwa wakiwaandikia askari ruhusa ya kutonyoa kwa sababu ya vipele hivihivi.

Zile nywele zilizoingia utaziona ukikaa kwenye mwanga mzuri na kioo. Wiki iliyopita nilikuwa na mteja mmoja, chini ya taya la kushoto ana kauzi keusi kamepita chini ya ngozi kama mshono wa cherehani, kameingilia huku kametokea kule. Nikamwekea taulo lililoloweshwa maji ya uvuguvugu dakika tano, nikachukua sindano niliyoisafisha, nikaipitisha chini ya ule mshono nikaunyanyua. Ukafyatuka nje, karibu sentimita nzima. Yeye alitaka niung'oe kabisa, nikamkatalia. Ukiung'oa, ule unaoota badala yake unakuja kutokea chini kabisa na unaweza kuzama kabla hata haujaona jua. Nyanyua ncha, iache nje, basi. Na kama unywele hauonekani usichimbe, hapo unajitafutia kovu.

Ukitulia na ukataka kurudi kwenye wembe, rudi na wembe wa kali moja, na unyoe baada ya kuoga sio kabla, ndevu zikishakaa kwenye maji ya uvuguvugu dakika mbili tatu zinakunywa maji zinalainika na wembe haupigani nazo. Paka jeli au krimu ya kunyolea (sabuni ya kipande inakausha) afu subiri, piga mswaki kama hujui cha kufanya, dakika moja au mbili ndo uanze.

Sasa sikiliza hapa maana hapa ndo pana kazi yenyewe. Kabla ya siku ya kunyoa, acha ndevu siku mbili, chukua pamba kavu uipitishe taratibu usoni na shingoni. Inapoteleza, unafuata mlalo wa nywele. Inaponasa na kuacha vinyuzi, unaenda kinyume. Fanya hivo pande zote na utashangaa, watu wengi wanadhani ndevu zote zinaelekea chini, kumbe shingoni kuna zinazolala kuelekea sikioni, kuna zinazopanda juu, na chini ya kidevu wengine wana kiduara kabisa kama utosini kwa mtoto. Mimi mwenyewe upande wangu wa kulia zinashuka na kushoto zinalala kwenda nyuma, nilikuja kugundua nikiwa na miaka sita kazini, nikajionea aibu. Kwa hiyo ule mtindo wako wa kushuka afu kupanda, shingoni inawezekana hata kule kushuka kwenyewe ilikuwa kinyume. Jichoree kwenye karatasi kama kumbukumbu yako fupi.

Nyoa kwa kufuata huo mlalo, mikato mifupi mifupi ya kama sentimita mbili, usikandamize, mkono wa kushoto uache ngozi ipumzike, wembe usuuze kila baada ya mikato michache. Pita mara moja. Pakibaki pabaya sana paka krimu upya upite kwa upande, kukata mlalo kwa ubavu, lakini kinyume usithubutu. Na wembe ukishanyoa mara tano mpaka saba tupa, butu unavuta badala ya kukata na we ukihisi haukati unakandamiza, ndo moto unaanza upya. Usiuache umelala kwenye maji pale kwenye sinki, ukung'ute ukauke. Kama siku zinaruhusu ruka siku moja katikati.

Ukimaliza suuza na maji baridi, taulo pigapiga usisugue, paka losheni au jeli ya kulainisha isiyo na spiriti wala manukato. Hiyo ndo aftashevu uliyoniuliza, jina la kampuni halina maana, geuza chupa usome nyuma, ukikuta alkoholi imeandikwa mwanzoni mwa orodha rudisha rafuni. Siku ukijichubua sana, krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 inatuliza, siku mbili tatu uiache. Na hapa nasema kwa herufi kubwa, USIHAMIE kwenye zile krimu kali za betamethasoni au klobetasoli ambazo rafiki zako watakwambia zinasafisha uso kwa siku mbili. Ni kweli zinasafisha. Afu ngozi inakonda kama karatasi, mishipa inaonekana, na siku ukiziacha vipele vinarudi na ndugu zao. Nimewapokea wa hivo na mimi kama kinyozi sina cha kuwafanyia zaidi ya kuwasukuma kwa daktari.

Kama unataka kitu cha kuzuia, tafuta cha asidi ya glaikoliki au ya salisiliki, paka usiku na sio mara tu baada ya kunyoa, inapunguza ngozi iliyokufa inayofunika matundu. Anza siku moja moja uone ngozi inasemaje. Alama nyeusi zitachukua miezi, tena ukizipaka vitu hivyo na kutembea juani bila krimu ya kuzuia jua unazichochea, kuwa na subira, kwanza uzuie kipya kisitoke ndo la zamani lifutike.

Unga wa kunyolea nao watu wananiuliza. Unafanya kazi, unayeyusha unywele badala ya kuukata kwa hiyo hauachi ncha kali. Lakini ni kemikali kali, jaribu sehemu ndogo ya ngozi jana yake, usipitishe dakika zilizoandikwa hata kama nywele zimegoma, na usipake juu ya ngozi iliyochubuka kama hiyo yako ya sa hivi, utaungua kweli, sio huu moto mdogo wa wembe. Kila siku haufai.

Kuna hali ambazo sio za kinyozi. Vipele vyenye usaha vinavyosambaa, ngozi ya moto na kuuma, au homa juu yake, hiyo ni bakteria, nenda ukatibiwe. Kiduara chenye magamba na ndevu ukizivuta zinatoka bila ubishi, hiyo inaweza kuwa fangasi. Na kovu linaloinuka gumu na kuendelea kukua baada ya kipele kupona, usilikate wala usimruhusu mtu alikate, wenye ngozi ya keloidi wakikatwa linarudi kubwa zaidi. Ukifika kwa daktari wa ngozi na vipele vimekushinda muulize pia kuhusu leza, ule mwanga mkali wa kuunguza mzizi wa unywele, kwa ngozi nyeusi mwambie unataka ile ya mawimbi marefu, ya nanomita 1064, maana nyingine zinaweza kuchoma ngozi yenyewe. Inapunguza nywele zenyewe, ila wengi wanahitaji kurudi mara kadhaa.

Sasa la mashine ya mwenzako. Wembe usiazime hata kwa pacha wako, hilo halina mjadala, kuna homa ya ini B na C na virusi vya ukimwi, na kile cha homa ya ini B kinaweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi hata kwenye damu usiyoiona kwa macho. Mashine nayo inachuna, hasa ikipigwa chini kwenye shingo yenye vipele kama hiyo, vinapasuka vichwa na vinavuja. Kwa hiyo tafuta yako, hata ndogo tu ya ndevu, ilimradi ina kitana cha milimita moja. Na ile spiriti unayojimwagia shingoni usiitupe, sasa imepata kazi yake: kila ukimaliza piga brashi nywele zote kwenye meno ya mashine, yafute na spiriti, yaache yakauke, afu weka tone moja la mafuta yake.