Kwa diwani mpya wa viti maalum: anza na kabrasha

Mdogo wangu uliyekula kiapo juzi hapa Tabora kuwa diwani wa viti maalum, vile vya wanawake visivyopigiwa kura katani, hongera sana. Wapo watakaokuona ni wa kupiga makofi na kupokea wageni. Usipoteze nguvu kubishana nao. Kabrasha la kikao, yaani furushi la taarifa za kikao cha halmashauri, likikufikia, lifungue usiku huohuo.

Anza na taarifa ya mapato na matumizi ya robo mwaka. Tafuta mapato ya ndani, yale ambayo halmashauri inakusanya yenyewe. Kwa wenzetu wa Urambo na Kaliua, angalia ushuru wa tumbaku umeingia kiasi gani. Utaratibu ni kwamba asilimia 10 ya mapato yasiyolindwa, yaani mapato ya ndani ambayo hayajafungiwa matumizi maalum, iende kwenye mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Piga hesabu kwa simu yako, halafu linganisha na fedha zilizotolewa kweli. Ukiona pengo, andika swali moja, fupi, lenye namba ya ukurasa. Nimeshuhudia ukumbi ukitulia tuli na wataalamu wakipekua karatasi, kwa sababu tu mama mmoja alisimama akasema: "Mheshimiwa Mwenyekiti, ukurasa wa 34, jedwali la pili." Hakupaza sauti wala hakulalamika. Alijibiwa.

Kanuni za Kudumu za halmashauri zisome pia, hasa za maswali na hoja. Bila hizo utakatishwa kila ukisimama.

Kata huna, ndiyo, lakini kwenye Kamati ya Maendeleo ya kata unakoishi wewe ni mjumbe. Hudhuria. Mwenyekiti wake ni diwani wa kata, na huenda akahisi unakivizia kiti chake. Mweleze mapema unachofuatilia, mheshimu mbele za watu, ila usiache kwenda. Na kama moyoni unakitaka kiti cha kuchaguliwa, sioni cha kuonea aibu. Margaret Sitta na Magdalena Sakaya walikuwa wabunge wa viti maalum. Mwaka 2015 Sitta alishinda jimbo la Urambo, Sakaya la Kaliua. Katiba inataka wabunge wanawake wa viti hivi wasipungue asilimia 30 ya wabunge wengine, na mimi naamini viliwekwa ili tuvivuke.

Kwa hiyo mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa, hata kule barabara inakokatika masika, nenda. Kaa na akina mama, uliza kikundi gani kimeomba mkopo, na fomu yao imekwama mezani kwa nani.