Kuunga bomba la faiba ardhini: niliyojifunza mtaroni

Jointi yangu ya kwanza ya bomba la faiba, yaani bomba la nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini (gundi ya kiwandani inayoganda), iliharibiwa na jasho. Ilikuwa Suhar, Oman, mwezi wa Mei, kabla haujafika msimu wa Juni hadi Agosti ambapo sheria yao inasimamisha kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu. Tulikuwa tunalaza bomba la inchi 8 la maji ya zimamoto. Nimeshachonga ncha, nimeifuta, nainama kupaka gundi, jasho likadondoka kwenye sehemu ile ile niliyoichonga. Nikalipangusa kwa kiganja, nikaendelea.

Tulipojaza maji na kupandisha presha, jointi ile ikavuja. Msimamizi wetu aliikata kwa msumeno akanionyesha: upande mmoja gundi ilikuwa imekaa juu ya bomba kama ganda, haikushika kabisa.

Nawaandikia mafundi vijana mliozoea chuma na plastiki, kwa sababu faiba haina tabia za hao wawili. Chuma unakichomelea, na kikivuja unarudi kukichomelea tena. Plastiki unaipasha moto inayeyuka, inakuwa kitu kimoja. Faiba ikishakomaa kiwandani haiyeyuki tena. Kinachoshikilia ni gundi ya epoksi, nayo hushika pale tu ulipopaandaa.

Basi maandalizi ndiyo kazi yenyewe. Kata bomba kwa diski ya almasi, mkato usiende mshazari. Ncha ichongwe mpaka iwe imefifia rangi pande zote; ukiona popote pang'aavyo, hapo gundi haitauma, rudia. Ukimaliza usiguse kwa mkono mtupu, hata kama umenawa. Vumbi litoe kwa brashi safi na kavu. Mimi huunga ndani ya saa mbili tangu kuchonga, nikichelewa napitisha msasa upya. Na kwa wenzangu wa Tanga, Mombasa na pwani yote: asubuhi bomba huwa na umande hata kama hulioni. Lipashe joto kidogo likauke kwanza. Funga kitambaa kichwani, na mwenzako awe karibu wa kukupangusa uso.

Gundi huja na vipimo vyake, kopo la gundi na hadena yake (dawa ya kuigandisha). Changanya vyote kwa pamoja. Usichukue nusu tu ya kila kopo ukidhani unabana matumizi, maana kipimo kikikosewa haikauki sawasawa. Makopo yaweke kivulini, juani muda wa kupaka unapungua sana. Kopo likianza kuwa la moto mkononi limeshakwisha, litupe hata kama limebaki robo tatu. Ndani ya tundu, yaani mdomo mpana wa bomba unaopokea ncha, paka nyembamba, kwenye ncha paka nene zaidi. Ukijaza tunduni, gundi itasukumwa ndani ya bomba na kuziba njia ya maji. Kisha vuta ncha iingie tunduni kwa winchi ya mkono mpaka alama yako ya kina, ufunge blanketi la umeme la kuipasha jointi joto kwa muda ulioandikwa na kiwanda, na mtu yeyote asikanyage bomba hilo.

Kuna kazi nyingine ambapo jointi hufungwa kwa mikeka ya faiba na resini. Hapo nasisitiza jambo moja: kobalti (dawa ya kuharakisha kuganda) na hadena ya peroksaidi visikutane moja kwa moja hata tone, hulipuka. Kobalti ichanganywe kwenye resini kwanza mpaka isambae yote, ndipo hadena ifuate. Na vaa miwani, hadena hiyo inaharibu macho.

Sasa mtaro, ambako naona kazi nyingi nzuri zikiharibiwa na koleo. Bomba la faiba hunyumbuka, kwa hiyo udongo wa kando ndio unaolisaidia kubeba mzigo wa juu. Ukiacha upenyo chini ya mbavu zake, litabonyea. Watengenezaji wengi huruhusu kubonyea asilimia 3 baada ya kufukia. Kwa bomba la milimita 300 hiyo ni milimita 9 tu. Kwa hiyo tandika mchanga au changarawe ndogo kama milimita 150, na pale jointi itakapokaa chimba kishimo ili bomba lilale kwa urefu wake wote, lisining'inie kwenye jointi. Fukia kwa tabaka, kushoto na kulia kwa zamu, na shindilia chini ya mbavu kwa mti kabla ya mashine. Mashine ya kushindilia isipite juu ya bomba mpaka lifunikwe vya kutosha, mimi sishuki chini ya milimita 300. Jiwe moja lenye ncha linatosha kulichoma. Niliwahi kumwomba dereva wa kijiko arudishe kifusi alichokwisha kumwaga. Alikasirika, lakini tulipochambua tulikuta mawe ya ukubwa wa kichwa.

Usilale ukaacha bomba tupu mtaroni msimu wa mvua. Ni jepesi, uzito wake kama robo ya chuma cha unene ule ule, na maji yakijaa litaelea na kuvunja jointi za juzi. Fukia katikati ya kila bomba, acha jointi tu wazi.

Jointi hizo ziache wazi mpaka upime. Pima kwa maji, usitumie hewa. Bomba lenye hewa ya presha likipasuka linaua. Jaza kutoka upande wa chini, toa hewa upande wa juu, kisha pandisha taratibu mpaka mara moja na nusu ya presha ya kazi. Soma geji alfajiri, kwani jua likipiga bomba lililo wazi presha hupanda yenyewe na kukudanganya.

Vumbi la faiba nalo lisikufuate nyumbani. Vaa barakoa na mikono mirefu, oga maji ya baridi kwanza, na nguo za kazini zifuliwe peke yake, mbali na nguo za watoto. Mwanangu wa kwanza alijikuna wiki nzima kabla mama yake hajagundua sababu.